Nikimbie au nipumzike? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maumivu ya wakimbiaji

Kila ikifika Januari kundi letu la WhatsApp hugeuka wodi. Desemba watu walikwenda makwao, wakala, wakalala. Sasa wamekumbuka kwamba Kilimanjaro Marathon ni mwisho wa Februari na kilomita 21 walishazilipia, basi mazoezi ya wiki sita wanayashindilia ndani ya wiki mbili. Ikifika Jumatano ujumbe unaingia: "Wadau, goti." Ndani ya dakika tano yamefuata majibu kumi na tano, kila mtu na dawa yake: maji ya moto, barafu, soksi za kubana, mafuta ya mbuni, sindano. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ni goti gani.

Mimi si daktari. Ni mhasibu mwenye kisigino kibovu, niliyepewa usimamizi wa kundi kwa sababu wenzangu waliukimbia. Nimesoma, nimeumia, nimewahi kumshauri mtu vibaya (hilo nitalieleza), na nimechoka kuandika majibu yaleyale saa tano usiku. Nimeyakusanya hapa.

"Goti linauma. Nifanyeje?"

Hilo bado si swali. Ni tangazo la msiba lisilomtaja marehemu.

Kabla hujatuma ujumbe, weka kidole kimoja mahali panapouma zaidi, utuambie ni wapi: mbele, nje, ndani, nyuma. Panauma mwanzoni kisha panapoa, au hapaumi mpaka ufike kilomita fulani? Asubuhi unaposhuka kitandani hali ikoje? Pamevimba? Mwezi huu umebadilisha nini: viatu, njia, kasi, vilima, idadi ya siku? Na umemeza nini? Hilo la mwisho watu hulificha, halafu wanatuandikia kwamba "leo lilikuwa afadhali" kumbe afadhali ni ya kidonge.

Ukishajibu hayo, mara nyingi jibu linajitokeza lenyewe. Maumivu ya mbele, kuzunguka pia (kile kifupa cha mviringo cha mbele ya goti), yanayozidi ukishuka ngazi au ukikaa muda mrefu umekunja miguu kwenye daladala, kwa kawaida yanasema mzigo umelizidi goti. Punguza kilomita, kasi na miteremko kwa wiki kadhaa, na katika muda huo imarisha mapaja na nyonga: kuchuchumaa nusu, kupanda na kushuka ngazi moja polepole, kulala ubavu na kuinua mguu. Ni mazoezi ya kuchosha akili kuliko mwili, ndiyo maana watu wanapendelea soksi.

Maumivu ya upande wa nje wa goti ni mengine. Yanakuja kilomita ileile kila mara, tuseme ya 6, yanakulazimisha kutembea, ukitembea yanaondoka, ukianza tena yanarudi. Huo ni ule utepe mgumu unaoshuka upande wa nje wa paja, na haupendi mteremko. Watu waliofanya mazoezi mwaka mzima kwenye tambarare ya Coco Beach hukutana nao mara ya kwanza wakishuka kutoka Mweka, wakati mlima wameumaliza na wanadhani kazi imekwisha.

Goti lililojaa maji, linalokwama lisinyooke, au linaloachia ghafla ukikanyaga, hilo si la kundi. Nenda hospitali.

"Mbona mnahoji kama polisi? Nimeomba ushauri tu."

Anayekujibu bila kukuhoji anazungumzia goti lake, si lako.

"Sawa, ila Jumapili nikimbie au nisikimbie?"

Asante kwa kusema ukweli. Hili ndilo swali lililojificha ndani ya mengine yote. Wengi wetu tukiuliza kundini hatutafuti kujua kinachotuuma, tunaomba ruhusa. Watu kumi watamwambia mtu apumzike, mmoja atamwandikia "kaza, kamanda", na Jumapili saa kumi na moja alfajiri utamkuta amevaa fulana, ameshamshukuru yule mmoja kwa mioyo mitatu myekundu.

Kipimo ninachotumia nimekiazima kwa watafiti wa Sweden. Waliwaruhusu watu wenye kano ya Achilles, ile ya nyuma ya kisigino, inayouma waendelee kukimbia na kuruka wakiwa kwenye matibabu, kwa masharti. Maumivu yanapewa alama, 0 hadi 10. Wao walikubali mpaka 5, mradi asubuhi ya kesho yake yawe yametulia, na wiki kwa wiki yasiwe yanapanda. Mimi kwa mtu nisiyemwona kwa macho nashuka mpaka 3, maana 5 ya mkimbiaji aliyekwishalipia ni 8 ya mtu wa kawaida.

Kwa hiyo mwamuzi si Jumapili yenyewe. Mwamuzi ni Jumatatu asubuhi, hatua zako kumi za kwanza kwenda bafuni. Na kuna jambo moja halina alama: kuchechemea. Ukichechemea, hata kama maumivu unayaona ni kidogo, simama. Mguu wa pili unalipia, na baada ya wiki mbili utatuandikia kuhusu nyonga ya upande wa pili ukidhani ni tatizo jipya.

Kipimo hiki ni cha kano, misuli, na goti la kawaida. Mfupa haumo.

"Mfupa nitaujuaje?"

Maumivu ya muundi yaliyosambaa kwenye ukingo wa ndani, urefu wa kiganja au zaidi, yanayopungua kidogo mwili ukichemka, kwa kawaida hayajafika kwenye ufa. Mzigo umeongezeka haraka. Ukipunguza mbio na kuimarisha vigimbi, yanatulia. Lakini maumivu unayoweza kuyafunika kwa ncha ya kidole, juu ya mfupa wenyewe, yanayozidi kadiri unavyokimbia, yanayokufuata kitandani usiku, na ukijaribu kuruka kwa mguu huo mmoja unaona nyota: hayo yachukulie kuwa ni ufa wa mfupa mpaka mwenye vipimo aseme vingine.

Sasa lile nililoahidi. Miaka kadhaa nyuma dada mmoja wa kundini aliandika kwamba muundi unamsumbua. Tulimjibu kwa upendo mwingi. Mimi mwenyewe nilimwandikia anyooshe vigimbi na abadilishe viatu, nikaongeza na picha za jinsi ya kunyoosha. Hakuna aliyemwambia aweke kidole. Akaenda zahanati, akapigwa eksirei, ikawa safi, akatuletea habari njema nasi tukampigia makofi. Wiki tatu baadaye alikuwa anatembelea magongo.

Tusilolijua ni kwamba eksirei ya wiki mbili tatu za mwanzo mara nyingi haiuoni ufa wa namna hii. Unaanza kuonekana mfupa unapoanza kujiunga. Kipimo cha picha cha MRI huuona mapema, ila bei yake kila mtu anaijua. Kwa hiyo eksirei safi na kidole kinachouma havifutani: kidole kinashinda, unapumzika, unarudi kupigwa picha nyingine. Yule dada hakutulaumu. Ningeona afadhali kama angetulaumu.

Ufa wa muundi ukigunduliwa mapema, kwa kawaida unaomba wiki 6 hadi 8 bila kukimbia. Kuna sehemu mbili ambazo hazisubiri hata wiki moja. Ya kwanza ni kinena: maumivu ya ndani kabisa ya kinena, ukikanyaga yanazidi, yanaweza kuwa ufa kwenye shingo ya mfupa wa paja, na ukikatika pale ni upasuaji. Ya pili ni juu ya mguu, katikati ya tao la unyayo, mahali unapofungia kamba za kiatu. Mfupa wa pale unapata damu kidogo na unapona kwa shida.

Na hili naliandika ingawa baadhi ya kaka zangu wanaona haya kulisoma: mwanamke ambaye hedhi imekatika kwa miezi, huku anaongeza kilomita na kupunguza chakula, mifupa yake iko hatarini. Amwambie daktari mambo yote mawili, hedhi na maumivu, hata kama hakuulizwa. Wanaume wanaojinyima chakula ili wakimbie kwa kasi nao hawajaponea.

"Ni mambo gani mengine hayajadiliwi kundini?"

Kigimbi kimoja kilichovimba, chenye joto na kinachouma, hasa siku moja au mbili baada ya kukaa kutwa nzima kwenye basi la kutoka Moshi. Damu inaweza kuwa imeganda ndani. Mbio zinalaumiwa bure, na mtu akikichua kigimbi kama hicho anacheza na uhai.

Mkojo wa rangi ya soda nyeusi baada ya mbio ndefu. Hospitali siku hiyohiyo.

Mlio nyuma ya kisigino, ukahisi kama mtu amekurushia jiwe, ukageuka kumtafuta aliyerusha na hayupo. Kano ya Achilles imekatika. Ukisimama kwa mguu huo huwezi kuinua kisigino.

Ganzi au udhaifu unaoshuka mguuni kutoka kiunoni, na zaidi ikiwa haja ndogo imekuwa taabu.

Homa pamoja na maumivu ya viungo vyote. Dengue ilipotukumba Dar mwaka 2014 na tena 2019, kuna waliodhani ni uchovu wa mazoezi. Kilomita 10 haziumizi vidole vya mikono.

"Nimeteguka kifundo cha mguu kwenye shimo. Nikande na maji ya moto?"

Kwanza tujue kama kuna mfupa uliovunjika. Kuna kanuni zilizotengenezwa Ottawa, Kanada, na kuchapishwa mwaka 1992, ili madaktari wa dharura waache kumpiga eksirei kila aliyeteguka. Zinafaa hata kwa mtu aliyekaa kando ya barabara akisubiri bodaboda. Unaweza kutembea hatua nne, hata kwa kuchechemea? Ukibonyeza vile vifundo viwili vya mfupa, wa ndani na wa nje, kwenye ncha zake na ukingo wake wa nyuma, kuna panapouma kwa kubonyezwa mfupa wenyewe? Na mfupa wa ukingo wa nje wa mguu, nusu ya njia kati ya kisigino na kidole kidogo? Na ule wa upande wa ndani, juu ya tao? Ukishindwa hatua nne, au mfupa mmojawapo ukauma, kapigwe eksirei. Vinginevyo uwezekano wa mfupa kuvunjika ni mdogo sana.

Ama kukanda. Mama zetu wametukanda wote, na maji ya moto yenye chumvi yana faraja yake. Lakini siku mbili tatu za mwanzo, wakati mguu unavimba na una joto, kuukanda na kuuchua kwa nguvu kunaongeza uvimbe. Barafu inatuliza maumivu, basi. Daktari Gabe Mirkin wa Marekani, aliyetuachia mwaka 1978 ule ushauri wa kupumzika, barafu, bandeji na kuinua mguu, baadaye mwenyewe alisema barafu huenda inachelewesha kupona. Bandeji na kuuinua mguu havina ubishi mwingi. Baada ya hapo, anza kuuchezesha taratibu. Mguu uliokaa wiki tatu bila kazi unapona ukiwa mjinga, na utateguka tena shimo lilelile. Simama kwa mguu mmoja ukipiga mswaki, asubuhi na usiku. Ni tiba ya bei ndogo kuliko zote ukurasa huu.

Mama akisisitiza kukanda, mwambie: "Shikamoo mama, tusubiri uvimbe upungue." Hajakosea kukupenda.

"Na fundi wa viungo je? Yule mzee wa mtaani ana mkono mzuri."

Kwa msuli uliokaza, sina neno. Kwa kitu ambacho hujui kama kimevunjika, hapana. Mfupa wenye ufa ukivutwa unaweza kuachana. Eksirei kwanza, mzee baadaye.

"Kisigino kinaniua asubuhi, nikitembea kinapoa. Ni nini?"

Karibu chamani. Ni utando mnene wa chini ya unyayo, unaoanzia kisiginoni kwenda vidoleni. Nimeishi nao miezi kumi na moja, nikajaribu yote: kukanyaga chupa ya maji iliyoganda, kununua visoli vya bei mbaya, kuvaa ndala za sponji ndani ya nyumba, kupiga dua. Chupa ilinipa nafuu ya nusu saa.

Kilichonisaidia kilitoka Denmark, kwenye utafiti wa mwaka 2014, na hakihitaji pesa. Kunja taulo, liweke kwenye ngazi chini ya vidole vya mguu ili vikunjike kuelekea juu. Simama kwa mguu mmoja, kisigino kikining'inia. Panda kwa sekunde 3, kaa juu sekunde 2, shuka kwa sekunde 3. Mara 12, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Ikizoeleka, beba begi lenye vitabu au mfuko wa unga, ongeza uzito kadiri wiki zinavyokwenda. Baada ya miezi 3, waliofanya hivyo walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliokuwa wakinyoosha tu. Mimi nilisikia tofauti wiki ya tano. Wiki ya tatu nilikuwa nimeshakata tamaa na kuandika kundini kwamba ni upuuzi. Ujumbe huo bado upo, na wenzangu wananikumbusha.

Acha kutembea pekupeku kwenye vigae. Hilo nalo lilinisaidia.

"Kano ya nyuma ya kisigino imekaza na imenenepa."

Hapa pana hadithi ninayoipenda kuliko zote za mbio. Håkan Alfredson, daktari wa upasuaji wa mifupa huko Umeå, Sweden, alikuwa mkimbiaji mwenye kano mbovu ya Achilles. Inasimuliwa kwamba alimwomba mkuu wake amfanyie upasuaji, akakataliwa, kano ilikuwa haijaharibika vya kutosha. Akaamua kuiharibu: akawa anasimama kwenye ngazi na kushusha kisigino taratibu na kwa uzito, siku baada ya siku, akingoja ikatike. Badala ya kukatika ikapona. Mwaka 1998 alichapisha matokeo kwa wagonjwa 15: kushusha kisigino mara 15, duru 3, goti likiwa limenyooka, kisha duru 3 nyingine goti likiwa limekunjwa, mara mbili kwa siku, wiki 12. Jumla ni mara 180 kila siku. Unapanda kwa mguu mzima, unashuka kwa mguu mgonjwa.

Angalizo: kama maumivu yako chini kabisa, pale kano inapojishika kwenye mfupa wa kisigino, usishuke chini ya usawa wa ngazi. Fanyia sakafuni.

Halafu nauliza swali ambalo kwetu lina uzito kuliko Sweden: wiki chache zilizopita ulimeza dawa gani? Siprofloksasini, ile tunayoiita sipro, watu wanaimeza kwa taifodi ya kukisiwa na kwa maambukizi ya mkojo, mara nyingi bila cheti cha daktari. Dawa za jamii hiyo zinaweza kudhuru kano, na ya Achilles ndiyo inayodhurika zaidi, hata kukatika. Marekani iliamuru onyo kali liandikwe kwenye pakiti zake mwaka 2008. Kano ikianza kuuma ukiwa kwenye sipro au muda mfupi baadaye, acha kukimbia kabisa na urudi kwa aliyekuandikia akubadilishie. Nenda leo. Hili nimelikuta mara mbili kundini, na mara zote mbili majibu ya kwanza yalikuwa kuhusu viatu.

"Naweza kumeza diklofenaki kabla ya mbio?"

Hapana.

Najua inauzwa kama karanga. Najua fulani aliimeza akamaliza. Ukiwa unakimbia saa mbili au tatu kwenye jua, damu inakwenda kwenye misuli na ngozi, figo zinabaki na kidogo, na dawa za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni zinazipunguzia hata hicho kidogo. Tumbo nalo liko vilevile. Na kidonge kinazima kengele ambayo ndiyo pekee ingekwambia usimame. Sindano ya alfajiri ya mbio ni hayohayo kwa njia ya mkato.

"Sikunyoosha viungo kabla ya kukimbia. Ndiyo sababu nimeumia?"

Huenda si hiyo. Jeshi la Australia liliwafuatilia makuruta 1,538, nusu wakinyoosha kabla ya mazoezi na nusu bila kunyoosha, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 hayakuonyesha tofauti ya maana. Chemsha mwili kwa kuanza polepole, kama mchakamchaka wa shuleni. Kunyoosha kama unakupenda, nyoosha.

"Viatu je? Nimepata vya mtumba vizuri sana."

Nami navaa vya mtumba. Pale Karume, au Memorial ukiwa Moshi, utapata raba ambazo dukani zingekula nusu ya mshahara. Tatizo ni sponji ya ndani, ambayo imeshakimbiwa na mtu mwingine au imezeeka kwenye kontena. Bonyeza soli kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama tofali, kiatu hicho ni cha kuendea ofisini. Kiweke mezani ukitazame kwa nyuma: kikilala upande, kiache. Kisha kivae na ukimbie hatua ishirini pale pale sokoni. Wauzaji wameshazoea vituko. Kiatu kinachokupa raha mguuni ndicho, hata kama mwenzako anaapa kwa chapa nyingine. Usikianzishie kwenye mbio ndefu.

"Nilifuata sheria ya kuongeza asilimia 10 kila wiki na bado nimeumia."

Haikuwa sheria, ni desturi. Groningen, Uholanzi, waliijaribu kwa watu wapya waliojiandaa kwa mbio za maili 4: kundi moja wiki 13 kwa nyongeza ya taratibu, jingine wiki 8 kwa ratiba ya kawaida. Matokeo yalitoka 2008: takriban mtu mmoja kati ya watano aliumia, pande zote mbili. Mwili hausomi kikokotoo. Unahisi usingizi, msiba wa wiki iliyopita, kazi ya usiku, malaria ya mwezi jana. Ninachokiogopa zaidi ya asilimia ni mambo mawili mapya ndani ya wiki moja: viatu vipya na vilima vya Pugu, au kasi mpya na siku ya tano.

"Mama mkwe anasema kukimbia kutaniua magoti."

Mpe heshima yake, halafu mpe takwimu hizi. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta ugonjwa wa kusagika kwa magoti na nyonga kwa asilimia 3.5 ya wanaokimbia kwa kujifurahisha, asilimia 10.2 ya wasiokimbia, na asilimia 13.3 ya wanaokimbia kwa ushindani wa juu. Sisi tumo katika lile fungu la kwanza, hata wale wanaojiona wa tatu.

"Wenzetu wa Iten, ule mji wa wakimbiaji wa Kenya, wanafanyaje hawaumii?"

Wanaumia. Sisi tunawaona wale waliobaki barabarani. Na asiyeumia ana barabara ya udongo, na usingizi wa mchana. Wewe una lami ya Ali Hassan Mwinyi na kikao saa tatu.

"Nataka kumsaidia mwenzangu aliyeuliza. Nimjibu vipi?"

Muulize maswali mawili kabla ya kumpa jibu moja. Sema "mimi ilinisaidia" badala ya "fanya", ili ajue ni habari za mguu wako. Usimtajie dawa wala dozi; hujui figo zake, vidonda vyake vya tumbo wala ujauzito wake. Ukiona dalili ya mfupa, sema neno "mfupa" waziwazi hata kama wengine wamekwishamchangamsha. Kukaa kimya kwa sababu kumi wameshajibu ndiko kulikotufikisha kwenye magongo.

Pia tuache kumpa neno la mwisho aliyekimbia 21 kwa saa moja na dakika ishirini na tano. Kasi yake ni ya wazazi wake na mazoezi yake. Mtu aliyeumia mara tatu na kurudi mara tatu ana ya kusema zaidi, ila ni mwepesi kukaa kimya.

Na aliyepona, tafadhali, rudi useme ulipona vipi na baada ya muda gani. Kundi limejaa mianzo ya hadithi.

"Nikienda hospitali wataniambia niache kukimbia."

Imenitokea. Nilikaa saa tatu kwenye benchi, daktari akanitazama dakika mbili, bila kuugusa mguu, akasema kwa umri wangu nitembee tu. Nikaondoka na pakiti ya vidonge na hasira. Safari ya pili nilimtafuta mtaalamu wa fiziotherapia, nikaenda na daftari: kilomita za wiki nane, viatu, siku maumivu yalipoanza. Aliugusa mguu, aliniambia niruke, aliniangalia nikitembea. Ukiambiwa "acha", uliza: niache mpaka lini, na nifanye nini wakati huo? Mwenye jibu la maswali hayo mawili, mshikilie. Hospitali kubwa kama Muhimbili na KCMC zina vitengo vya fiziotherapia. Ulizia njia ya rufaa kabla hujaenda, usipoteze siku.

"Nilishalipia. Namba na fulana ninazo. Sasa?"

Fulana ni yako, ivae. Kuna mbio za kilomita 5 siku hiyohiyo, na humo watu wanatembea, wanasukuma watoto, wanapiga picha na mlima ukijitokeza. Kama hata hizo alama zake zinazidi 3, panda basi uje hivyohivyo. Pale uwanja wa Ushirika, Moshi, mbio zinapoanzia, tunafika saa kumi na moja na nusu tukiwa na mikoba ishirini, na kila mwaka hakuna wa kuishika.